Ulimwengu Ukitanuka, Je, Tutaachana na Jua?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo. Binti yangu wa kidato cha tatu alinieleza tukipogoa shambani kwamba ulimwengu unatanuka na vitu vyote vinakimbiana. Tangu siku hiyo sina raha. Je, Dunia itasogea mbali na Jua hadi vizazi vyetu vigande kwa baridi?
Mama wa Hombolo, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama. Binti yako amesoma vizuri, amebakiza kipande kimoja tu. Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble alionyesha kwamba galaksi, yaani kundi kubwa la mabilioni ya nyota, kadiri ilivyo mbali nasi ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi: kwa vipimo vya leo, kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26 unaongeza takriban kilomita 70 kwa sekunde (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mwaka 1998 ikagundulika kuwa mtanuko huo unazidi kushika kasi.

Kipande alichobakiza ni uvutano. Kinachotanuka ni nafasi kubwa iliyo kati ya makundi ya galaksi. Vilivyoshikana kwa uvutano haviachani. Upepo wetu wa Agosti hutimua vumbi Dodoma nzima, mbuyu haung'oki. Ndivyo Jua lilivyoishika Dunia, kilomita milioni 150 kati yao. (Mwezi kweli husogea mbali sentimita 3.8 kwa mwaka, lakini chanzo chake ni maji kupwa na kujaa.)

Vizazi vya mbali sana vitasumbuliwa na joto, wala si baridi. Mng'ao wa Jua huongezeka kama asilimia 10 kila miaka bilioni 1, na kufikia wakati huo bahari zitakuwa zinakauka. Baada ya miaka bilioni 5 hivi Jua litavimba, limeze Utaridi na Zuhura, pengine na Dunia. Mimi, mama, tope linalojaza Bwawa la Hombolo ndilo linaloniumiza kichwa zaidi.

Oktoba, usiku usio na mbalamwezi, saa tano hivi, tokeni nje mtazame kaskazini, mbali na taa. Mtaona doa hafifu kama ukungu. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, na haitukimbii: inatukaribia kilomita 110 kila sekunde, kwa kuwa hapo uvutano umeushinda mtanuko. Binti aione kwa macho yake, kisha aniandikie yeye mwenyewe swali linalofuata.