Kabla ya kuleta mtaji, uliza msimu

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii katika vijiji vya Wasandawe, upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, wilaya ya Chemba mkoani Dodoma, na makosa ninayoyaeleza hapa nilishiriki kuyatenda. Ninawaandikia maofisa wa miradi, viongozi wa vikundi na yeyote aliyekabidhiwa fedha za msaada azifikishe kwa akina mama wa jamii zenye watu wachache, kwa sababu bado naona miradi mipya ikianzia pale pale tulipoanzia sisi.

Mradi wetu ulitoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake ili wanunue kuku na mbegu za alizeti. Fedha zilifika Oktoba, na marejesho yalipangwa kuanza Januari, kila mwezi kiasi kile kile hadi deni liishe. Katika mkutano wa kwanza tuliuliza, kwa Kiswahili, kama ratiba hiyo inafaa. Akina mama wakatikisa vichwa kukubali, nasi tukaandika kwenye muhtasari kwamba wameridhia.

Anayeishi Dodoma anajua Januari ni mwezi gani. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 au 600. Januari mtama wa mwaka uliopita umekwisha ghalani, shamba linadai palizi, na mama ambaye angepaswa kupalilia la kwake analazimika kwenda kibarua kwa mwenye uwezo ili watoto wapate uji jioni. Mwezi huo ndio tuliowafuata na daftari la marejesho. Waliuza kuku ambao hawajaanza kutaga, kwa bei ya mnunuzi anayejua kwamba muuzaji ana shida, na wengine waliuza ufuta ungali shambani kwa mlanguzi aliyejipangia bei mwenyewe. Deni lililipwa karibu lote, na taarifa yetu ikaeleza kwamba mradi umefanikiwa. Mpaka leo sentensi ile inaniuma.

Niliielewa hali yenyewe siku ya kufunga hesabu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye katika kila mkutano alikaa nyuma kabisa akichambua mboga kwenye ungo, alisema maneno machache kwa Kisandawe na wenzake wote wakanyamaza. Nilimwomba msichana mmoja anitafsirie. Alisita, kisha akasema: "Anasema hilo la Januari alilisema tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeliandika."

Kisandawe ni lugha ya vidoko, zile sauti za ulimi kubanduka kwa ghafla kutoka kwenye kaakaa au meno, na haina undugu wa karibu na Kigogo wala Kirangi vinavyoizunguka. Mzee aliyekulia ndani ya lugha hiyo anaweza kununua chumvi gulioni kwa Kiswahili bila taabu, lakini kumpinga mgeni mwenye gari na karatasi za kusaini, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ninaouona kuwa mzito kuliko mingine yote, ni kwamba mkutano wa kupanga masharti ufanyike kwa lugha ya wenyewe, na mkalimani awe mwanamke wa kijiji hicho hicho, alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote wa mradi. Wapeni muda wa kujadiliana bila ninyi kuwapo, kisha rudini baada ya wiki moja kusikiliza jibu. Ukimya wa siku ya kwanza usiandikwe kuwa ridhaa.

Pili, akiba yao itangulie mtaji wenu. Utaratibu wa kuweka na kukopeshana ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na ambao umeenea vijijini kwetu, hauhitaji fedha ya nje hata kidogo: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinazogongewa muhuri kwenye kijitabu, na mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mgao wa mwisho wa mzunguko upangwe Novemba, kabla ya mvua, mama anapohitaji mbegu na gunia la chakula. Kikundi kilichokwisha kupita mzunguko mmoja hivyo kinajua uwezo wake, na hakitakubali ratiba yoyote kwa woga.

Hayo hayo yanahusu mikopo inayotolewa na halmashauri kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo asilimia 4 ni fungu la wanawake. Haina riba, na ni fursa njema. Lakini zungumzeni na ofisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu tarehe ya rejesho la kwanza kabla ya kusaini, si baada ya kusaini.

Ulizeni pia wanachokijua tayari. Akina mama wale walikuwa wametaja ubuyu na ukwaju, vitu wanavyookota na kuuza wakati wa kiangazi bila kungoja mvua, nasi tukaviacha kwa sababu fomu ya bajeti haikuwa na safu yake.

Awamu ya pili ya mradi tuliianza upya kwa utaratibu huo. Marejesho yaliwekwa mara moja tu, Julai, baada ya mavuno, na Januari mfuko wa jamii ulifunguliwa kununua mahindi ya wanachama. Yule mama aliyekuwa akikaa nyuma na ungo wake alichaguliwa kuwa mtunza ufunguo wa tatu, na vikao viliendeshwa kwa Kisandawe. Mimi ndiye niliyetafsiriwa.