Asubuhi ya kiangazi Jozani: keti usikilize

Ukienda msitu wa Jozani, Unguja, kutazama wanyama, punguza kutembea. Nawaona wenzangu wa mjini, hasa familia zinazokuja siku za mapumziko, wakiipita njia mbio, wakiwapiga picha kima walio karibu na barabara, kisha hao, wanarudi zao. Msitu wenyewe wanakuwa hawajauona.

Mimi napenda kwenda Januari au Februari, kaskazi ikivuma. Jozani maji yapo karibu sana na uso wa ardhi, na masika sehemu zake hufurika. Kiangazi njia hukauka, na majani yaliyoanguka hukauka pia. Majani hayo ndiyo msaada wako. Mnyama hawezi kuyapita kimya, wala wewe huwezi, kwa hiyo anayetulia ndiye anayemsikia mwenziwe kwanza.

Fika mapema, lango likifunguliwa tu. Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita hapo hapo. Mwambie mtembezaji tangu mwanzo kwamba mnataka kukaa, si kuzunguka. Atafurahi, na mkizungumza Kiswahili atakueleza mengi kuhusu miti ambayo watu wa Pete na Kitogani wameijua tangu utotoni.

Sasa keti chini ya mitondoo, simu mfukoni, watoto wapewe kazi ya kusikiliza. Mwanzoni utasikia ndege tu. Baadaye sikio linazoea. Ukisikia mchakacho mfupi, kimya, halafu mchakacho tena, huenda ni sange, mnyama mdogo kama panya mkubwa, anachokoa majani kwa pua yake ndefu akitafuta wadudu. Usisimame. Akiwa hajashtuka atajisogeza mwenyewe. Paa nunga ni habari nyingine: ni adimu mno, ana haya, na duniani amebaki katika misitu michache tu ya Unguja na pwani ya Kenya. Usiende kwa ajili yake, lakini hatua nyepesi zinazosimama ghafla kichakani zisikilize vizuri.

Kima punju watakuja juu, matawi yakitikisika. Mgongo mwekundu, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe. Asili yao ni Unguja peke yake, na hesabu iliyotolewa miaka ya karibuni iliwakadiria kuwa chini kidogo ya 6,000 wote. Watazame wanavyokula: majani machanga, maua, matunda mabichi. Tumbo lao lina vyumba na huchachusha chakula kama la ng'ombe, kwa hiyo tunda bivu lenye sukari linawadhuru. Ndizi yako ile mwenyewe, tafadhali. Ukiwa na mafua, ahirisha safari, maana maradhi yetu yanaweza kuwapata. Na hata wakishuka karibu nawe, rudi nyuma hatua kadhaa. Mtoto asiruhusiwe kunyoosha mkono.

Pembezoni mwa msitu, kwenye mashamba, kima hawa huwa wanatafuta hata vipande vya makaa na kuvila. Watafiti wanasema makaa hunyonya sumu iliyomo kwenye majani ya mikungu na miembe. Huko mashambani ndiko nilikokuwa nikisikia lawama kwamba wanamaliza nazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kinyume: minazi waliyoila zaidi ndiyo iliyozaa zaidi. Wanachokula ni vidaka, yaani nazi changa kabisa, na vidaka vingi vingeanguka tu, kwa hiyo vinavyobaki hupata nafasi ya kukua. Jambo hili ningependa lisemwe kila shamba lililopakana na msitu, kwa heshima, kwani mkulima ana haki ya kuhofia mazao yake.

Jua likipanda, kima hupumzika kivulini na msitu hunyamaza. Hapo ndipo pa kuvuka barabara kwenda kwenye mikoko, kuna daraja la mbao. Lakini chagua siku kwa mwezi: nenda wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na hukupwa karibu na saa nne asubuhi, muda ule ule unaotoka msituni. Utaona mizizi yote ya mikoko iko wazi, kaa wadogo wenye gando moja kubwa, na samaki wanaorukaruka juu ya matope. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyo maji yamejaa na kaa huwaoni.

Ukija na gari, fuata mwendo wa matuta yaliyowekwa hapo, na mwombe dereva wako afanye hivyo. Barabara ilipotengenezwa vizuri, kima wengi waligongwa, na matuta ndiyo yaliyopunguza vifo. Kima mmoja akivuka, ngojea. Nyuma yake kwa kawaida kuna wengine, na wenye watoto wachanga huwa hawana haraka.