Tundu la moyo limezibwa kwa katheta? Mpimeni mtoto thairoidi

Mtoto akizibwa tundu la moyo kwa katheta, yaani mrija mwembamba, iliyopitishwa kwenye mshipa wa paja, kifua hakipasuliwi wala mashine ya kuendesha damu haihitajiki. Ndiyo maana homoni zake huyumba kidogo tu kuliko baada ya upasuaji mkubwa. Kotisoli, homoni ya mkazo, hupanda, sukari nayo yaweza kupanda, kisha vyote hushuka vyenyewe. Hapo pasiwatie wasiwasi.

Thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya shingo, ndiyo husahaulika. Ili moyo uonekane vizuri kwenye eksirei, daktari huingiza kwenye damu dawa ya picha yenye ayodini nyingi. Tezi ikipata ayodini nyingi kwa mpigo hupunguza kutengeneza homoni. Ya mtu mzima hurudi kazini baada ya siku chache. Ya kichanga, hasa njiti, yaweza kukwama wiki kadhaa, na ubongo unaokua hauvumilii kukosa homoni hiyo. Dawa ya kahawia ya kusafishia ngozi huongeza mzigo, maana nayo mara nyingi ina ayodini.

Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishauri watoto wa hadi miaka 3 waliopewa dawa hiyo ya picha wafuatiliwe thairoidi ndani ya wiki 3. Kwa hiyo kabla ya kuondoka wodini, ombeni karatasi ya ruhusa iandikwe jina la dawa ya picha, tarehe na mililita zilizotumika. Ombeni pia tarehe ya kupima TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru thairoidi, na T4 huru, homoni ya thairoidi yenyewe. T3, homoni nyingine ya thairoidi, peke yake siku za mwanzo hupotosha: hushuka kwa karibu kila mtoto mgonjwa. Kama anatumia amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, semeni, kwa kuwa nayo imejaa ayodini. Vitamini zenye bayotini pia zitajeni, huharibu majibu.

Msingoje dalili, kwani wengi hawana. Lakini kichanga anayelala mno, anayenyonya kivivu, aliyefunga choo, sauti ya kilio imekwaruza au manjano hayaishi, apimwe siku hiyohiyo.

Akiandikiwa levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya thairoidi, sageni kidonge, changanyeni na maji au maziwa ya mama kidogo kwenye kijiko, mpeni papo hapo. Ndani ya chupa nzima hapana: akibakiza maziwa, amebakiza dozi. Madini ya chuma na kalsiamu yakae mbali na dawa hii kwa saa 4. Na dawa hii haikatizwi kwa sababu mtoto amechangamka. Daktari ndiye huamua, kwa kipimo.

Wenye ugonjwa wa Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada) hupata shida ya thairoidi hata bila dawa ya picha, hivyo kwao jibu zuri la mara moja halitoshi, wapimwe kila mwaka.

Tundu likishazibwa, uzito kwa kawaida huanza kupanda. Ukigoma miezi kadhaa ilhali eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, haionyeshi uvujaji wowote, rudieni TSH kabla ya kumlazimisha mtoto ale zaidi.