Re: Mwanangu anatoka Tanga kwenda chuo Dodoma, bima ipi itamfaa?

Dada wa Ngamiani, hiyo iCHF (Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa) ya kaya mnayoitumia hapo nyumbani usiitegemee kwa kijana wa chuo. Huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha rufaa ngazi kwa ngazi. Mgonjwa wa Ngamiani atafika Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, kwa utaratibu huo bila shida, lakini kijana aliyepo Dodoma ambaye kadi yake imesajiliwa Tanga atasumbuka.

Kama wewe au baba yake mnachangia NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kazini, anza na kadi ya mtegemezi ya huyo kijana. Angalia tarehe ya ukomo, maana utegemezi una umri wake na wengi huufikia wakiwa chuoni. Ikiwa hai, apeleke nakala chuoni wakati wa usajili asije akalipishwa mara mbili.

Kama hana kadi hiyo, achukue NHIF ya wanafunzi. Imezoeleka kuwa Sh 50,400 kwa mwaka, ila thibitisha kiwango kwenye fomu ya kujiunga. Panapokwama mara nyingi ni majina: ya cheti cha kidato cha nne, ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na ya chuo yafanane herufi kwa herufi. Kulipa tu hakutoshi, ahakikishe amepata namba ya uanachama.

Bima binafsi? Uliza kwanza kama inalipia wagonjwa wa nje. Zile za bei ya chini mara nyingi ni za kulazwa tu, na mwanafunzi humsumbua zaidi malaria, UTI na meno. Omba pia orodha ya hospitali za Dodoma, siyo za Dar.