Ukishika fedha za watu, omba uhesabiwe

Bwana asifiwe, wapendwa. Makala hii ni ya yule aliyesimamishwa juzi mbele ya jumuiya, kwaya, kikoba au kamati ya harusi, watu wakasema "huyu ni mcha Mungu, ashike fedha", wakapiga makofi na kikao kikafungwa. Hakuna aliyempa daftari. Hakuna aliyemwambia fedha zihesabiwe na nani, zilale wapi, wala taarifa itolewe lini. Amekwenda nyumbani na bahasha ya kaki yenye noti, pamoja na imani ya watu.

Hapo ndipo wema wengi huharibikiwa. Mweka hazina asiye na utaratibu, hata akiwa mtu wa maombi, hana namna ya kujitetea siku atakapoulizwa, na siku ya kuulizwa haikosi. Moyo safi ni wa lazima, lakini hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni daftari, risiti na sahihi za mashahidi. Kwa hiyo usisubiri kukaguliwa. Omba mwenyewe, tangu wiki ya kwanza.

Ezra anatufundisha hili vizuri kuliko wengi. Alipokuwa akitoka Babeli kwenda Yerusalemu aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani, kwa sababu alikwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu u pamoja nao wamtafutao. Basi wakafunga na kuomba kando ya mto Ahava. Baada ya kufunga huko, akatenga wakuu 12 wa makuhani, akawapimia mkononi talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100 na dhahabu talanta 100. Hao walikuwa makuhani, na yeye mwenyewe aliwaambia kuwa ni watakatifu kwa Bwana. Bado alipima. Walipofika, siku ya nne, vikapimwa tena nyumbani mwa Mungu, vyote kwa hesabu na kwa uzani, na uzani ukaandikwa (Ezra 8:21-34). Hatusomi popote kwamba kuhani mmoja alinuna akasema haaminiwi.

Wapo watakaokusomea 2 Wafalme 12:15, kwamba wasimamizi wa ujenzi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu, halafu wakuambie ukaguzi ni mambo ya dunia. Wasomee sura nzima. Ilifika mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi, fedha zilikuwa zimeachwa mikononi mwa makuhani, na nyumba ilikuwa bado haijakarabatiwa. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni kabla ya kumkabidhi mtu yeyote. Hesabu ilikuwa imekwisha kufanyika mlangoni.

Sasa tuingie mezani, maana hapa ndipo penye kazi.

Sadaka ihesabiwe siku ileile, kanisani, kabla ya mtu yeyote kuondoka nayo. Wahesabuji wawe watatu. Ikishindikana kabisa, wawili. Wasiwe mke na mume, wala mzazi na mwanawe, wala watu wa nyumba moja. Si kwamba wanandoa ni wezi, bali likizuka swali, ushahidi wa mtu kwa mwenzi wake hauwatulizi watu. Mweka hazina naye asikae kuhesabu. Kazi yake ni kupokea kilichohesabiwa na kusaini kuwa amekipokea. Meza iwe tupu: mikoba, makoti na simu vikae kwenye kiti kingine.

Tenganisha noti kwa thamani na uzielekeze upande mmoja. Mhesabuji wa kwanza akimaliza fungu, aandike namba yake kwenye kikaratasi na kukigeuza. Wa pili ahesabu bila kuiona. Hili watu hulidharau, lakini ukishasikia mwenzako amesema "themanini na nne", akili yako itaitafuta themanini na nne hata kama mkononi una themanini na tatu. Namba zikilingana, wa tatu ajaze fomu. Fomu iliyojazwa vizuri inaonekana hivi: noti za 10,000 ni 7, sawa na 70,000, za 5,000 ni 12, sawa na 60,000, za 2,000 ni 31, sawa na 62,000, za 1,000 ni 84, sawa na 84,000, sarafu za 500 ni 46, sawa na 23,000, za 200 ni 38, sawa na 7,600, za 100 ni 57, sawa na 5,700, za 50 ni 12, sawa na 600. Jumla 312,900. Chini yake andika kwa maneno: laki tatu, kumi na mbili elfu na mia tisa. Maneno ni ya lazima kwa sababu 3 hugeuzwa 8 kwa mkunjo mmoja wa kalamu.

Tumia kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha kosa likisomeka, andika iliyo sahihi pembeni, na wote watatu wasaini hapo. Wino mweupe wa kufutia usikaribie daftari la fedha. Nakala moja ya fomu abaki nayo mchungaji au mzee wa kanisa, nyingine mweka hazina. Siku ya kwanza benki ikifunguliwa, kiasi kinachoingizwa kiwe 312,900, bila kupungua hata shilingi hamsini, na stakabadhi ya benki ibandikwe kwenye fomu ileile. Kama fedha zinalazimika kulala, zilale kwenye sanduku la kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mweka hazina, wa pili kwa mzee. Chini ya kitanda chako si mahali pake.

Bahasha za zaka na ahadi zina shida yake. Nje imeandikwa 20,000, ndani mna 15,000. Usiseme "labda amekosea" ukaendelea. Andika juu ya bahasha kiasi kilichokutwa, wahesabuji wasaini, bahasha itunzwe, na mhusika aulizwe kwa upole na mtu mmoja, faraghani. Wengi wao hukumbuka wenyewe kwamba walichomoa noti ya nauli.

Je, fedha ikipungua? Tuseme fomu ina 312,900, na ulipofika benki karani amehesabu 310,900. Mtu mwema hutaka kuingiza mkono mfukoni, aweke 2,000 yake, yaishe. Usifanye hivyo kimyakimya. Kwanza unaficha kosa ambalo litajirudia, pengine mhesabuji mmoja haoni vizuri, pengine noti moja huhesabiwa mara mbili. Pili, na hili ndilo baya zaidi, unajizoeza kuona mfuko wa kanisa na mfuko wako kama kitu kimoja. Leo umeongeza 2,000, wiki ijayo ikizidi 3,000 moyo utakuambia "hiyo ni yangu, nilifidia." Andika "pungufu 2,000", taja tarehe, mjulishe mwenyekiti siku hiyohiyo. Ikizidi, andika "ziada" na uiingize benki.

Jambo jingine linaloharibu hesabu nyingi ni kulipa vitu moja kwa moja kutoka kwenye kapu. Mhubiri mgeni anataka nauli, jenereta limekwisha mafuta, fundi wa spika anasubiri mlangoni. Kila ombi ni la kweli, na kila noti inayotoka kabla ya benki inafanya fomu na stakabadhi visilingane. Baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kutofautisha nauli ya mhubiri na wizi. Dawa yake ni fedha ndogo ya matumizi: kanisa liidhinishe kiasi, tuseme 100,000, kikae kwenye kisanduku chake. Kila kinachotoka kiwe na vocha yenye tarehe, sababu, jina na sahihi ya aliyepokea. Wakati wowote ukifungua kisanduku hicho, taslimu ukijumlisha na vocha lazima zifike 100,000. Zikikaribia kuisha, peleka vocha na ujaziwe kiasi kilekile kilichotumika.

Fedha za simu sasa ndizo nyingi, na ndizo zenye mtego mkubwa. Usipokee michango kwenye laini yako ya kila siku. Kikundi kiwe na akaunti ya benki au namba ya malipo yenye jina la kikundi. Kikishindwa kabisa, itafutwe laini ya pekee isiyofanya kazi nyingine yoyote. Sababu si kishawishi tu. Ukiwa na deni la huduma ya kuongezewa salio, kama Fuliza kwa Kenya au Songesha kwa Tanzania, fedha inayoingia hukatwa yenyewe kulipa deni lako. Mama amekutumia rambirambi ya 50,000, mtandao umechukua 18,000, na wewe hujagusa hata kitufe. Umekwisha kutumia fedha za msiba. Tena, makato ya kutoa yaandikwe mstari wake. Aliyetuma 10,000 asomwe 10,000, na makato yawe matumizi ya kikundi, si kupunguzwa kwenye jina lake.

Kuhusu kuazima, sitazunguka. Hakuna kuazima. Si kwa mweka hazina, si kwa mchungaji, si kwa saa moja, si kwa mtoto aliyerudishwa ada. Neno "nitarudisha mwisho wa mwezi" ndilo lango la karibu kila anguko la fedha za watu, kwa sababu mwisho wa mwezi huja na shida zake. Mwenye shida ya kweli apeleke ombi kwenye kamati, kamati iamue, iandikwe kwenye muhtasari. Hiyo ni huduma. Kujichukulia ni jambo jingine.

Na kama unasoma hili ukiwa tayari umechukua, nakuomba usisubiri ukaguzi. Leo kaa chini, andika kila kiasi na tarehe unayoikumbuka, piga jumla bila kujihurumia. Kabla ya Jumapili ijayo nenda kwa mwenyekiti au mchungaji, ukiwa na karatasi mkononi, useme mwenyewe. Peleka ulichonacho, kilichobaki kiandikwe kwa mafungu na tarehe, mashahidi wasaini. Omba uondolewe kwenye ufunguo na kwenye sahihi za benki. Torati ilimtaka aliyedhulumu arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:1-5), maana yake aliyechukua 100,000 arudishe 120,000. Zakayo aliahidi mara nne. Aibu itakuwepo, sikufichi, lakini aliyekiri kabla ya kukamatwa huweza kurudi kukaa na watu wake.

Kwenye misiba daftari la rambirambi liandikwe na mmoja, fedha zipokelewe na mwingine, na jumla isomwe mbele ya wafiwa kabla watu hawajatawanyika. Harusini, ile orodha ya WhatsApp ambayo kila mtu huinakili na kuongeza jina lake ni chanzo cha ugomvi: jina la mtu hupotea, 50,000 inageuka 5,000, ahadi inasomeka kama imelipwa. Mweka hazina peke yake ndiye aibandike, mara moja kwa siku, ikiwa na ahadi, alichotoa na baki.

Vikoba vina hekima ya kuigwa: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa wa nne. Salio hutajwa kwa sauti mwisho wa kikao, wanachama wakalishika kichwani, na kikao kijacho huanza kwa kulitaja tena kabla sanduku halijafunguliwa. Bibi asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi.

Benki, sahihi ziwe mbili kati ya tatu zilizoidhinishwa. Usisaini fomu tupu ya kutolea fedha wala hundi tupu, hata kama mwenzako anasafiri na kiwanja kinadaiwa kesho. Ukishasaini karatasi tupu, sahihi mbili zimekuwa moja. Kila mwezi chukua taarifa ya benki uilinganishe na daftari, mstari kwa mstari. Tofauti halali ni chache: makato ya benki, hundi ambayo mwenyewe hajaipeleka, fedha iliyoingizwa baada ya tarehe ya taarifa. Tofauti ambayo haimo humo, itafutwe hadi ipatikane. Na fedha iliyochangwa kwa ajili ya bati inunue bati. Ikitakiwa kulipa kitu kingine, waliochanga waulizwe kwanza. Kisha ubaoni ukurasa mmoja kila mwezi: salio la mwanzo, mapato, matumizi, salio la mwisho. Usiubandike mara mbili kwa mwaka ukiwa na kurasa kumi ambazo hakuna atakayezisoma.

Siku ya kuondoka itafika. Samweli alipoacha kazi ya kuwaamua watu alisimama mbele ya Israeli yote akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani, nimetwaa punda wa nani, nimemdhulumu nani? Watu wakajibu kwamba hakutwaa kitu mkononi mwa mtu yeyote, naye akataka hilo lishuhudiwe (1 Samweli 12:3-5). Nawe fanya hivyo kwa maandishi. Hesabu taslimu mbele ya mrithi wako na mashahidi wawili. Orodhesha vitabu vya risiti kwa namba zilizochapishwa, vilivyotumika na visivyotumika, pamoja na risiti zilizofutwa, ambazo nakala zake zote lazima ziwe bado kitabuni. Kabidhi funguo, laini ya simu, kadi na namba ya siri, na umwone akiibadilisha palepale. Wote msaini, kila mmoja abaki na nakala. Wiki hiyohiyo nenda benki na muhtasari wa kikao, sahihi yako iondolewe.