Kabla hujampandisha jike wa German Shepherd

Jike wa German Shepherd anaweza kuingia joto akiwa na miezi 8 au 9, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Damu imeonekana, jirani ana dume, bei ya mtoto mmoja inajulikana, basi hesabu zinapigwa. Wakati huo bado yeye mwenyewe anakua, na nyonga zake hakuna aliyezipima. Kasoro ya nyonga, yaani kichwa cha mfupa wa paja kutokaa sawasawa kwenye kikombe chake, hurithiwa, na mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuwa nayo huku anaruka ukuta kama kawaida. OFA, shirika la Marekani linalokagua eksirei za mifupa ya mbwa, haitoi cheti cha kudumu cha nyonga kabla mbwa hajafikisha miezi 24. Umri huo ndio wa kuufuata, hata kama cheti hicho hukihitaji.

Jike na dume wote wapigwe eksirei ya nyonga na viwiko. Kwa nyonga, mbwa apewe dawa ya kumlaza, alale chali, miguu ya nyuma inyooshwe sawasawa. Picha ya mbwa aliyeshikiliwa na watu watatu huku anajinyonganyonga itakudanganya, maana kiuno kikikaa upande, nyonga moja huonekana nzuri na nyingine mbaya. Karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa mbegu, zitakuonyesha wazazi na mababu wa mbwa; hali ya nyonga ni kazi ya eksirei.

Siku za kupandisha zihesabu tangu tone la kwanza la damu. Wengi hukubali kati ya siku ya 10 na ya 14, ila wapo wa siku ya 7 na wapo wa siku ya 18, ndiyo maana kuna majike "wasioshika" ambao hawana ugonjwa wowote. Angalia damu ikipauka kama maji yaliyooshea nyama, na ukimgusa kiunoni aupeleke mkia pembeni. Mpandishe mara mbili, mkiruka siku moja katikati. Wakinasana baada ya kupandana waache, hata kama ni nusu saa. Kuwavuta kunawaumiza wote wawili. Kisha endelea kumfungia mpaka joto liishe kabisa, kwa sababu mbwa koko akipenya getini, jike anaweza kubeba watoto wa madume wawili katika mimba moja.

Mimba ni kama siku 63. Kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa ni kumpa vidonge vya kalisiamu. Mwili ukipewa kalisiamu ya ziada wakati wote wa mimba, huacha kuitoa kwenye mifupa. Maziwa yakianza kunyonywa na watoto 8, mwili hauwezi kuitoa haraka inavyohitajika, mama anaanza kuhema, kutetemeka na kukakamaa. Hiyo ni dharura ya daktari. Chakula cha watoto wa mbwa, kikiongezwa kidogo kidogo kuanzia wiki ya 6, kinatosha.

Sanduku la kuzalia liwe la mbao, mita 1.5 kwa 1.5. Ndani, kuzunguka kuta zote, piga mipini ya ufagio sentimita 10 kutoka sakafuni na sentimita 10 kutoka ukutani. Wengi huiona kama mapambo. Mama wa kilo 28 hujitupa chini akiegemea ukuta, na mtoto wa gramu 450 aliyeko nyuma yake hapati hata nafasi ya kulia. Mpini unamwachia upenyo.

Kuanzia siku ya 57 mpime joto asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, mara nyingi atazaa ndani ya saa 24. Mpigie daktari wa mifugo akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka, zikipita saa 2 na unajua bado wamo, au uchafu wa kijani ukitangulia kabla ya mtoto wa kwanza. Sindano ya kuongeza uchungu usiichome mwenyewe. Mtoto akiwa amekaa vibaya, kizazi kinaweza kupasuka.

Baada ya hapo adui ni baridi. Wiki ya kwanza mtoto hana uwezo wa kutetemeka ajipashe joto, kwa hiyo anapokaa pawe na nyuzi 29 hadi 32. Arusha au Nairobi mwezi wa Julai, hilo halipatikani bila taa ya joto. Iweke upande mmoja tu wa sanduku ili anayeona joto limezidi asogee. Ukimkuta mmoja pembeni peke yake, mdomo wa baridi, analia kwa sauti nyembamba, usikimbilie chupa ya maziwa! Tumbo lililopoa halisagi. Maziwa yatakaa humo, mengine yatarudi na kuingia kwenye mapafu. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, umpashe polepole kwa saa nzima ikibidi. Mdomo ukipata joto ndipo anyonye.

Wafunge nyuzi za sufu za rangi tofauti shingoni, zilegee, na uwapime kila siku saa ile ile kwenye mizani ya jikoni. Uzito wa kuzaliwa unatakiwa uwe mara mbili kufikia siku ya 10 hadi 14. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo ana tatizo, hata kama anaonekana mnene. Ukilazimika kuwanywesha, tafuta maziwa ya unga ya watoto wa mbwa. Ya ng'ombe yana mafuta na protini chini ya nusu ya yale ya mbwa, na wanaoyaongezea maji wanazidi kuwapunja.

Dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8, kwa uzito wa siku hiyo, maana minyoo huwaingia kutoka kwa mama tangu tumboni. Chanjo ianze wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Palipokuwa na parvo, virusi vya kuharisha vinavyoua watoto wa mbwa, ondoa kinyesi, osha kwa sabuni, kisha mwaga jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 30 na uache dakika 10. Dettol haiui parvo.

Mtoto asiuzwe kabla ya wiki 8, na mnunuzi aelezwe chakula waziwazi. Ugali na mapafu peke yake havina kalisiamu ya kutosha, mifupa itapinda. Anayenunua chakula kamili cha mbwa wa mbegu kubwa naye asiongeze chochote, kwa sababu kalisiamu ikizidi huharibu mifupa inayokua. Mbavu zisionekane, ila mkono ukipita uzihisi. Na kama nyumba ina vigae vinavyoteleza, pale anapokimbilia patandikwe mkeka wa mpira.