Kidonge kilichomaliza maumivu ya magoti kwa siku tatu

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa nne magoti yanamsumbua. Hospitali walimpiga eksirei wakasema gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limelika. Walimpa parasetamoli na diklofenaki, wakamwambia afanye mazoezi. Mazoezi aliyaacha kwa kuogopa mifupa itazidi kusagana, na diklofenaki ilimchoma tumbo. Miezi miwili iliyopita jirani alimletea vidonge vya mitishamba, anameza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku ya tatu aliamka akatembea bila fimbo! Hamu ya kula imerudi na mwili umeongezeka, ila presha nayo imepanda. Kwa kuwa dawa hii ni ya asili, anaweza kuendelea nayo na kuachana kabisa na za hospitali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka. Mama asiviache vidonge hivyo leo kwa ghafla, na asikae navyo hivi hivi bila daktari kujua. Wiki hii hii mpeleke hospitali, na kopo lenyewe mwende nalo.

Ulipoandika kwamba siku ya tatu alitembea bila fimbo, ninyi nyumbani mlishukuru, mimi nikashtuka. Gegedu lililolika kwa miaka halitengenezeki kwa siku tatu. Mazoezi, ambayo ndiyo tiba ya kwanza ya goti la namna hii, huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha matunda yake. Hata methotreksati, dawa kuu ya ile baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo, humtaka mgonjwa avumilie wiki kadhaa. Kitu kinachofuta maumivu kwa siku mbili tatu, kikafungua hamu ya kula, kikanenepesha na kupandisha presha, kwa uzoefu wangu karibu kila mara ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe inayofanya kazi kama homoni ya mwili. Na steroidi za vidonge hutoka kiwandani.

Muujiza huu una historia. Septemba 1948, katika Mayo Clinic kule Marekani, daktari Philip Hench alimchoma mwanamke kijana aliyelemazwa na baridi yabisi sindano za homoni tunayoiita leo kotisoni, ambayo ni steroidi. Siku chache baadaye mwanamke yule akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini wagonjwa walipoendelea na dozi kubwa, madhara yakajitokeza mmoja baada ya mwingine, na dawa iliposimamishwa maumivu yakarudi. Madaktari walijifunza somo hilo zaidi ya miaka 70 iliyopita, na hadi leo kuna watu wanaolitumia kibiashara: wanasaga deksamethasoni, steroidi ya kiwandani, wanaichanganya na unga wa majani, wanaandika "asili" kwenye kopo.

Hili si jambo la kudhania. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu juu ya vidonge vinavyoitwa Artri King, vilivyouzwa kama kirutubisho cha viungo. Maabara ilikuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki, na lebo haikutaja hata moja. Tafakari hapo. Mtu anaikimbia diklofenaki ya hospitali kwa sababu imemchoma tumbo, kisha anaimeza ileile bila kujua, tena pamoja na steroidi, na hizo mbili zikikutana hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu huongezeka sana.

Sina ugomvi na mimea. Kolkisini, tunayowapa wagonjwa wa jongo, asili yake ni ua. Ua hilo hilo ni sumu, na dozi ya kolkisini ikizidi inaua. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa fulani haina madhara kwa kuwa ni ya asili, bado hajaniambia kitu. Mimi nataka kujua ndani mna nini, kiasi gani, na nani amepima. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo matatu asimpe mama yako hata kidonge kimoja.

Sasa kwa nini asiache ghafla? Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha na sukari na kuubeba mwili wakati wa maradhi. Steroidi zikiingia kutoka nje kwa wiki kadhaa, tezi hizo hulala. Ukikata dawa siku moja, huwa bado zimelala, na mwili unabaki hauna kitu.

Nilishaletewa mama mmoja katika hali hiyo. Uso wake ulikuwa mviringo, mashavu yamejaa, tumbo kubwa, lakini mikono na mapaja yamekonda. Nesi alipoufungua mkanda wa kupimia presha, pale ulipobana pakabaki michirizi ya zambarau, ngozi imekuwa nyembamba mno. Aliyekuwa akimuuzia vidonge alihama, vidonge vikaisha, na baada ya siku chache akaanza kutapika, kulegea, kisha akazimia akitoka kitandani. Wanawe waliniapia kwamba hakuwa akitumia dawa yoyote. Nilipouliza mara ya tatu, mdogo wao akasema, "Labda ile ya asili." Tulikuwa tumeshapoteza saa nzima tukitafuta chanzo kwingine.

Kwa hiyo kwa daktari msifiche kitu. Mwambieni tarehe aliyoanza, anameza vingapi, na aliwahi kuruka siku au la. Atampima presha, sukari, figo, na huenda kotisoli ya asubuhi. Akiona dalili za steroidi, atampa prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi, kwa dozi inayojulikana na kuipunguza taratibu, pengine kwa wiki kadhaa. Maumivu ya magoti yatarudi kiasi katika kipindi hicho. Mwandae mama kwa hilo mapema, maana hapo ndipo wengi hurudi kwa muuzaji.

Tuje kwenye magoti yenyewe. Hofu ya kusagana naielewa, na sehemu ya lawama ni yetu, maana tunawaonyesha watu picha na kuwaambia "mifupa inagusana" kisha tunaita mgonjwa mwingine. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka kwenye ute wa kiungo, mfano wa sifongo: likibanwa hutoa maji, likiachiwa hufyonza mapya. Goti lisilotembea linakaa na njaa, huku misuli ya paja inayolishikilia ikinywea, na uzito wote unaliangukia lenyewe.

Aanze akiwa amekaa kwenye kiti. Anyooshe mguu mmoja mpaka goti liwe sawa, akaze paja, ahesabu hadi tano, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili aongeze kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na kutembea mahali tambarare. Maumivu yakizidi kidogo wakati wa zoezi, hiyo si dalili ya kuharibika. Yakiwa bado yamezidi kesho yake, kapitiliza, apunguze idadi lakini asiache. Fimbo aishike kwa mkono wa upande usiouma zaidi; wengi huishika kinyume. Na uzito aliouongeza kwa vidonge hivyo una gharama yake, kwani kilo moja ya mwili hulilemea goti kwa takriban kilo nne katika kila hatua.

Kwa upande wa dawa, diklofenaki ya kupaka inafaa goti, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko cha kidonge. Parasetamoli peke yake husaidia kidogo tu, asilaumiwe mama akisema haimtoshi. Ikibidi vidonge vya kundi la diklofenaki, viwe vya siku chache, pamoja na dawa ya kulinda tumbo, na daktari ajue anatumia dawa gani ya presha, kwa sababu baadhi yake zikikutana na vidonge hivi, figo huumia.

Wapo pia wanaokimbilia sindano kila maumivu yanapochachamaa, kwa kuamini kwamba sindano haipiti tumboni. Diklofenaki hulidhuru tumbo ikiwa ndani ya damu, kwa kuzuia kemikali zinazolinda ukuta wake, kwa hiyo hata sindano ya tako hulifikia. Wengine humeza diklofenaki na ibuprofeni kwa pamoja. Nafuu haiongezeki mara mbili, madhara ndiyo yanayoongezeka. Na wapo wenye vidole vya mikono yote miwili vilivyovimba, vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, wanaotulizwa na vidonge vya kopo miezi na miezi huku kinga ya mwili ikiendelea kutafuna viungo kimyakimya. Hao wananiuma zaidi, kwa sababu ugonjwa wao, ambao mara nyingi ni ile baridi yabisi, una dawa inayoweza kuuzuia kupinda vidole ikianzwa mapema, nao hunifikia vidole vimeshapinda.

Mama akianza kutapika, kuzimia, au kutoa choo cheusi kama lami kabla ya siku mliyopangiwa, msisubiri miadi. Mpelekeni dharura usiku huo huo, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba amekuwa akimeza vidonge vinavyoshukiwa kuwa na steroidi.